Kidole Kilichoiuza Marobota

Paulo Mayala, mwenyekiti wa timu ya mpira ya Marobota, alikishika kidole gumba cha Sabina, akakikandamiza kwenye pedi ya wino, akakibandika kwenye karatasi na kumwambia kuwa hiyo ni orodha ya watakaopanda lori kwenda Shinyanga kwenye mechi ya kwanza ya msimu. Haikuwa orodha ya lori. Ilikuwa karatasi ya wanachama kukubali kwamba timu yao, pamoja na nafasi yake kwenye ligi, inakwenda kwa kampuni moja ya mabasi ya Dar es Salaam. Huo ndio uovu wenyewe. Utajwe hapa mwanzoni, mchana kweupe, asije mtu akasema baadaye kwamba hakuelezwa.

Maana ukipita Mabatini, pale mjini Mwanza, leo ukauliza Marobota ilikwenda wapi, hutatajiwa Mayala. Utaoneshwa banda la Sabina. "Muulize Mama Dole," watakwambia, halafu watacheka.

Sabina alizaliwa upande wa Misungwi, kwa mzee Ngosha, mtu wa ng'ombe. Kaka yake alipelekwa shule, yeye akapelekwa kuchunga ndama. Baba hakuona kosa. Alikuwa akisema msichana akijua kusoma atasoma barua za wanaume, kana kwamba asiyejua kusoma haandikiwi mabaya. Kisomo cha watu wazima kilipokuja, Sabina alikuwa ameshaolewa mjini, ana mimba ya Kija, na mwalimu alikuwa anafundisha jioni, saa ileile ambayo mumewe Venant alitaka ugali uwe umeiva. Alihudhuria siku tatu. Aliijua herufi ya kwanza ya jina lake, akaishia hapo.

Venant alikuwa mbeba marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na timu ilizaliwa hapo. Wachezaji wa kwanza walikuwa watu wa kutwa nzima na robota la pamba mgongoni, na jioni, badala ya kwenda kujinyoosha, wanavaa bukta na kufukuza mpira. Venant alikuwa beki. Sabina aliwapelekea maji kwenye ndoo, baadaye uji, baadaye chakula, na kabla hajatambua akawa anajua nani anapoteza pumzi baada ya nusu saa na nani anaogopa kugongwa, kuliko wanaume waliokuwa wakipiga kelele pembeni ya uwanja.

Kisha likaja soko huria. Kiwanda kikasimama, wafanyakazi wakapunguzwa, geti likafungwa kwa mnyororo. Venant alivuka ziwa na panton kwenda Sengerema, akaendelea mpaka Geita kutafuta dhahabu. Salamu zake zilikuja mara mbili. Mara ya tatu ilikuja habari tu, kwamba ana nyumba huko na mwanamke ndani yake. Sabina hakumfuata. Mume aliondoka, timu ikabaki, naye akaishika timu. Kuna wanaomcheka mwanamke mtu mzima kuumwa tumbo kwa ajili ya mpira. Hao hawajawahi kunyang'anywa vyote wakaachiwa kitu kimoja.

Alikaanga mapanki. Viwanda vya samaki vilipofunguliwa kando ya ziwa, minofu ya sangara ilikatwa, ikagandishwa, ikapanda ndege kwenda Ulaya. Kilichobaki Mwanza ni kichwa na mfupa wenye vipande vya nyama vilivyoponyoka kisu, na huo mfupa ndio watu wakauita mapanki. Sabina aliuchukua, akaupaka chumvi, akautumbukiza kwenye mafuta yanayochemka, akauza Mabatini kwenye banda la mabati chakavu. Mbele ya banda kulikuwa na benchi refu la mti. Hilo benchi ndilo lililokuwa tawi la Marobota, kwa sababu timu haikuwa tena na kiwanda wala ofisi. Wachezaji walikula pale. Wanachama walibishana pale. Mayala mwenyewe, kabla hajaanza kuvaa suti, alikula pale miaka sita, na kila siku alipewa kichwa, maana kichwa ni cha mwenyekiti.

Desturi ya kidole ilianzia kwenye benchi hilo. Mwaka mmoja kulikuwa na karatasi ya kuchangia jezi, na watu walikuwa wanasukumiana nani aanze. Mayala akasema, "Tumpe Mama Kija afungue, huyu ndiye mama wa timu." Sabina akaweka dole gumba, wengine wakafuata, na msimu ule Marobota ikapanda daraja. Basi ikawa kila karatasi lazima aifungue yeye. Mwaka uliofuata Chenge, aliyekuwa karani wa kiwanda, mtu wa miwani, aliichukua karatasi baada ya Sabina kuifungua, akaigeuza, akaisoma kwa sauti mstari hadi mstari na kuikosoa. Jumamosi yake timu ikafungwa mabao manne. Hakuna aliyesema ni golikipa. Wote walisema ni Chenge. Tangu siku hiyo ikawa sheria ambayo haijaandikwa popote: karatasi aliyoifungua Mama Kija haisomwi. Unaweka jina lako unapita. Ukiisoma umeleta mkosi.

Mpira una mambo yake. Kuna timu zinaruka ukuta badala ya kupita mlangoni, kuna zinazomwaga maziwa golini. Marobota walikuwa na kidole cha Sabina. Na aliyeianzisha desturi hiyo, akaikuza, akaijua ndani na nje, alikuwa Paulo Mayala.

Msimu uliopita walinusurika kushuka kwa bao moja la dakika za mwisho. Kwa hiyo ulipofika wakati wa usajili, watu wa benchi walikuwa kama wagonjwa waliopona juzi, wanataka kula kila kitu. Mayala akaja siku moja mchana, ana kalamu mbili mfukoni, akaketi, akapewa kichwa chake.

"Mama Kija, mapanki yako leo yana mnofu," alisema.

"Mnofu umepanda ndege, mwenyekiti. Wewe nyonya mfupa."

"Basi msimu huu mtakula mnofu. Mfadhili amepatikana." Alisubiri watu wanyamaze. "Golikipa anatoka Tabora. Beki anatoka Musoma. Na mshambuliaji," akafuta mdomo taratibu, "ni Byabato wa Bukoba."

Benchi zima lilisimama.

"Byabato!" Chenge alipiga paja. "Huyo ana mguu wa kushoto hatari. Nilimwona kwa macho yangu Bukoba, alipiga mwamba wa goli, mwamba ukalia mpaka Jumatatu."

"Na wewe Bukoba ulikwenda lini?" Sabina alimuuliza kutoka jikoni. "Hata Magu hapo jirani hujafika."

"Niliambiwa na aliyemwona."

"Basi sema masikio yako yalimwona."

Walicheka mpaka benchi likatikisika. Kwa wiki tatu hapakuwa na habari nyingine. Sabina alipanga kikosi kwa vipande vya mkaa kando ya jiko, kumi na moja, na kila mteja aliyekuja aliambiwa akae mbali asikanyage wachezaji. Kipande kikubwa cha mbele kilikuwa Byabato. Alimjaribu katikati, akamjaribu kushoto, akamrudisha nyuma kidogo ili beki wa adui amfuate na nafasi ipatikane. Aliona mabao. Hakuwa na haja ya kusoma ili aone mabao. Dorcas, fundi cherehani wa banda la pili na rafiki yake wa miaka mingi, alimwambia, "Wewe, umeacha mapanki yanaungua." Akajibu, "Yaache yaungue, Byabato anaingia kwenye boksi."

Dorcas ndiye aliyekuwa macho yake. Barua za Kija, aliyeolewa Sengerema, zilisomwa na Dorcas. Risiti, matangazo ya serikali ya mtaa, vyote vilipita kwa Dorcas. Lakini Jumapili aliyokuja Mayala na karatasi, Dorcas alikuwa amevuka ziwa kwenda msibani. Sabina anaamini mpaka leo kwamba Mayala alilijua hilo. Banda la cherehani lilikuwa limefungwa kwa kufuli, kila mtu alikuwa analiona.

Mayala alikuja watu walipotoka kanisani, na ubao mkononi. Karatasi ilikuwa imekunjwa kwa juu na kubanwa kwenye ubao huo, ikionekana mistari tu.

"Hii ya nini?" aliuliza Sabina.

"Lori la Shinyanga. Mechi ya kwanza tunaanzia ugenini. Mfadhili anatoa lori, na asiye kwenye orodha hapandi. Fungua, mama, hawa watu hawawezi kutia bila wewe."

"Dorcas hayupo. Ngoja arudi, anisomee."

Mayala akawageukia watu, akakunjua mikono. "Kusoma tena? Mama Kija anataka tufungwe nne!"

Watu walicheka, na Chenge alicheka kuliko wote, kwa furaha kwamba safari hii si yeye. Na Sabina naye akacheka. Hilo ndilo linalomla. Si kwamba alishikwa kidole, ila kwamba kilishikwa huku anacheka, amefurahi, mikono ina mafuta, akiwaza atavaa kanga gani Shinyanga. Mayala akakifuta kidole kwa kitambaa chake mwenyewe, kwa heshima kabisa, kama mtu anayemnawisha mkwe. Akakitia wino. Akakibandika.

Watu arobaini na watatu walifuata. Kumi na wawili waliweka dole. Waliobaki waliandika majina yao, tena kwa mbwembwe, wengine wakavuta mkia wa herufi ya mwisho kama nyoka. Walijua kusoma. Mkunjo wa karatasi ulikuwa unafunguka kwa ukucha. Hakuna aliyeufungua.

Siku ya kuja Byabato, wanawake wa tawi walishuka bandarini asubuhi na kanga za bluu na nyeupe, rangi za Marobota. Meli ya Bukoba iliingia, abiria wakashuka na mikungu ya ndizi, na katikati yao kijana mrefu ana begi begani na mkungu mmoja mkononi. Wakamtambua kwa urefu. Walipiga vigelegele mpaka mapolisi wa bandari wakageuka. Sabina alimpokea mkungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani. Nimekupikia."

"Ahsante sana. Ndizi hizo ametuma mama yangu, Kokushubira. Aliniambia nisije mikono mitupu." Akaangalia huku na huku. "Samahani, mama. Treni ya Dar inaondoka saa ngapi?"

Walicheka. Walidhani ni utani wa watu wa Bukoba. Mmoja akamwambia, "Baba, umeshafika, ukipanda treni tena utapitiliza!" Lakini kijana hakucheka. Alisema alikuwa ameambiwa alale Mwanza usiku mmoja, kesho yake apande treni kwenda Dar es Salaam kujiunga na timu yake, Msafiri.

"Msafiri ndiyo nani?" Sabina aliuliza. "Wewe ni mchezaji wa Marobota."

"Ndiyo hiyohiyo, mama. Zamani ikiitwa Marobota."

Zamani. Neno hilo alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesoma kibao cha njia. Akafungua begi akatoa barua aliyotumiwa. Dorcas alikuwa amesharudi kutoka msibani. Aliisoma mwanzo kimya kimya, midomo ikicheza, halafu akaisoma kwa sauti pale pale kwenye vumbi la bandari. Kampuni ya mabasi imeichukua klabu ya Marobota ya Mwanza. Jina limebadilishwa. Makao yatakuwa Dar es Salaam. Mechi za nyumbani zitachezwa huko. Na mwisho: mabadiliko haya yamekubaliwa na wanachama arobaini na wanne, kwa saini na alama za vidole, kama inavyoonekana kwenye kiambatisho.

Kulikuwa na kiambatisho. Ilikuwa nakala ya kivuli, hafifu, lakini mstari wa kwanza ulionekana vizuri. Doa jeusi lenye mistari ya duara, na kovu jembamba likikata katikati, kovu la kisu cha samaki ambalo Mabatini nzima inalijua.

Byabato alichukua begi lake taratibu. "Mama, mimi sikujua," alisema.

"Wewe huna kosa," Sabina alimwambia. "Njoo ule."

Akala. Aliketi kwenye benchi peke yake, kwa sababu wengine wote walikuwa wamesimama wakimtazama Sabina.

Ule ule mchana Sabina alikwenda kwa Mayala, bado na kanga ya bluu. Alimkuta uani, anaoshewa gari dogo la kubeba mizigo ambalo wiki iliyopita hakuwa nalo. Mayala hakukana. Wala hakuonekana na haya.

"Mama Kija, tuongee kama watu wazima. Kidole ni cha nani?"

"Changu."

"Kuna aliyekufunga kamba?"

"Uliniambia ni lori."

"Wewe ulisikia lori. Mimi nilileta karatasi. Mama, dunia imebadilika. Hii ni soko huria. Timu isiyo na mwenye fedha itakufa, na mimi nimeiokoa. Ungependa ifie mikononi mwako?"

"Ningependa uniambie ukweli halafu nikatae."

"Ndiyo maana sikukwambia," alisema Mayala, na huo ukawa ukweli pekee aliowahi kumpa. Kisha akapunguza sauti. "Nenda nyumbani. Watu watasahau."

"Basi njoo kwenye benchi uwaambie kwamba mimi sikujua. Useme hilo tu. Sitaki kingine."

"Nitakuja," alisema.

Hakuja. Alikuja Chenge, akasimama mbele ya banda, mikono nyuma kama hakimu. "Sisi tulifuata kidole chako," alisema. "Tulikuamini. Desturi ni desturi." Yeye, karani, mwenye miwani, aliyeandika jina lake mstari wa tatu kwa mwandiko wa kuvutia! Sabina alimrushia maji ya kuoshea samaki, yakampata suruali. Hakujuta wakati ule na hajuti leo.

Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mama Dole. Kondakta wa basi alilipiga kelele kutoka mlangoni: "Mama Dole, niuzie na gari la tajiri!" Wanawake kwenye bomba la maji waliinua madole gumba na kuangua kicheko. Benchi lilibebwa siku moja asubuhi, wanaume wanne, likavushwa barabara na kuwekwa mbele ya duka la sigara. Walilibeba kama jeneza, bila kumtazama. Banda likawa na wateja wapita njia tu, watu wasiojua. Na ligi ikaanza. Shinyanga, siku ya mechi ya kwanza ambayo Sabina alikuwa aiendee kwa lori, zilicheza timu nyingine. Alifagia vile vipande vya mkaa kumi na moja akavitia jikoni. Byabato aliwaka vizuri kuliko wote, kilikuwa kipande kikubwa.

Katikati ya msimu redio ikatangaza kwamba Msafiri wanakuja Mwanza kucheza uwanja wa Nyamagana. Waje kama wageni! Sabina alikwenda kwa Dorcas akafunga mlango wa banda la cherehani.

"Niandikie karatasi," alisema.

Dorcas aliandika alivyoambiwa, hakuongeza wala kupunguza. *Mimi Paulo Mayala nilimwambia Sabina kwamba karatasi ni ya lori. Yeye hakujua. Niliyejua ni mimi.* Wakaikunja kwa juu, wakaibana kwenye ubao ambao Dorcas alikatia nguo. Wakanunua pedi ya wino. Sabina akaweka dole lake mstari wa kwanza, akaangalia kama kovu limetokea vizuri. Lilikuwa limetokea.

Uwanja ulijaa. Msafiri waliingia na jezi nyekundu mpya zenye picha ya basi kifuani. Hapakuwa na hata uzi mmoja wa bluu. Watu wa Mabatini walikuwa hawajui washangilie nani, wakawa wanapiga kelele tu, kama ng'ombe waliochanganywa zizi. Dakika ya ishirini Byabato alipokea mpira kushoto, akampiga beki chenga, akapiga. Goli. Vile vile kama kwenye mkaa! Sabina alijikuta amesimama, mikono juu, na machozi ya hasira yakamtoka kwa sababu mikono yake ilikuwa imemsaliti tena. Byabato hakushangilia. Alirudi katikati ya uwanja ameinamisha kichwa.

Wakati wa mapumziko Sabina na Dorcas walipanda jukwaa kuu, kule kwenye kivuli. Mayala alikuwa ameketi na watu wa kampuni, anakunywa soda kwa mrija. Chenge alikuwa safu ya nyuma yake, kwa tiketi ya bure.

"Mama Kija!" Mayala alitabasamu kwa sababu ya wageni. "Habari za siku nyingi?"

"Mbaya. Nimekuletea karatasi."

"Ya nini tena?"

"Ya lori la Shinyanga."

Watu wa karibu waligeuka. Mtu mmoja akaanza kucheka. Sabina alifungua pedi ya wino, akaiweka gotini kwa mwenyekiti, akamshikia ubao mbele ya kifua. "Weka dole. Mimi nimeshafungua."

"Ngoja nisome kwanza."

"Kusoma tena?" Sabina alipaza sauti mpaka ikafika kwa wauza karanga. "Mwenyekiti anataka mfungwe nne!"

Jukwaa lililipuka. Watu walipiga miguu kwenye mbao, watu wa Mabatini waliokuwa chini wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakacheka nao. Mtu akapiga kelele, "Tia dole, Mayala! Karatasi ya mama haisomwi!" Mayala alifungua mkunjo kwa ukucha, kitu ambacho watu arobaini na watatu hawakukifanya, na akasoma. Jasho lilimtoka puani. Watu wa kampuni nao walisoma kwa kuinama, wakarudi nyuma kwenye viti vyao, wakawa wanaangalia uwanja mtupu.

"Mimi najua kuandika," alisema kwa sauti ya chini. "Siweki dole."

"Basi andika."

"Mama, baada ya mechi. Tutaongea baada ya mechi. Mbele za watu si vizuri."

"Kidole changu ulikitia wino mbele za watu."

Nyuma yake Chenge alikuwa anacheka mpaka miwani imeteremka. Sabina alimgeukia. "Na wewe karani, unacheka nini? Mimi sikuwa na macho. Wewe ulikuwa na manne." Chenge akaipandisha miwani yake kwa kidole. Dorcas alisema baadaye kwamba hapo alifurahi kuliko alivyofurahia lile goli.

Kipindi cha pili kilianza, wakashushwa na askari wa uwanja. Sabina hakutazama mpira tena. Alisimama kwenye mlango wa jukwaa, ubao kifuani, akingoja. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa watu walimwagika wote kupitia pale, lakini Mayala hakuwemo. Alikuwa ameondoka robo saa kabla, kwa geti la magari. Byabato alitoka kwenye chumba cha wachezaji, akamwamkia, akamwuliza kama Mayala amekubali, maana kisa cha jukwaani kilikuwa kimeshamfikia. Sabina akamwonesha karatasi. Kijana aliitazama ile nafasi tupu chini ya kovu, akasema, "Huyu bwana atakufa na dole safi."

Karatasi iko mpaka leo. Imo kwenye kopo la maziwa juu ya jiko, na moshi umeanza kuifanya rangi ya chai. Kicheko cha siku ile kilidumu wiki moja, kisha jina la Mama Dole likarudi, maana kumcheka mwanamke wa mapanki ni rahisi kuliko kumkabili mwenye gari. Benchi halijavushwa barabara kurudi.

Kampuni ile inadaiwa jina la Marobota na rangi yake ya bluu, ambavyo haikuvitumia wala kuvivaa hata siku moja, ilivitupa tu. Wale thelathini na mmoja walioandika majina yao, Chenge akiwa wa kwanza, wanadaiwa kukiri kwamba walikuwa na macho na hawakuyatumia, na kwamba mkosi waliuogopa kuliko wizi. Venant hadaiwi, ameshasamehewa kwa kusahauliwa. Na Paulo Mayala anadaiwa dole gumba moja lenye wino, mchana, mbele ya benchi la Mabatini, chini ya dole la Sabina. Nafasi yake iko wazi kwenye mstari wa pili. Pedi ya wino bado haijakauka. Sabina huitia maji matone mawili kila Jumapili.